Kontrola Mchoyo na Mayai ya Kilabuni

Naomba mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama miti ya uzio baada ya mvua, na pale mtakapokuta neno limeandikwa vibaya, lisomeni kama mlivyozoea kulisikia. Niliishia darasa la saba, na mkono uliozoea bisibisi hauna haraka na kalamu. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenila tangu chai ya asubuhi mpaka kuku wameanza kurudi bandani.

Aliyenituma niandike ni Fundi Atupele, mama aliyenifundisha kazi ya sola pale dukani kwake Mwanjelwa, Mbeya, na ambaye sasa anawafundisha ninyi. Nilimwambia mimi siwezi kusimama mbele ya vijana nikaongea, nitatazama viatu vyangu mpaka wachoke. Akasema, "Ndiyo maana nimekuambia uandike. Karatasi haitakutazama usoni."

Mtacheka kusikia nimestaafu, maana kichwani sina hata unywele mmoja mweupe. Kilichostaafu ni bega, mimi nimelifuata tu. Nilipanda kwenye banda moja kufunga paneli, mabati yalikuwa yameoza, nikapita katikati yake nikashukia kwa nguruwe. Mwenye banda alifika mbio, anahema, akauliza, "Mzima?"

Nikajibu, "Niko mzima, mama."

Akasema, "Namuuliza huyo nguruwe. Ana mimba."

Nguruwe alikuwa mzima. Bega langu tangu siku hiyo halipandi juu ya sikio, na fundi wa sola asiyeweza kuinua mkono ni sawa na kinyozi asiye na wembe. Kwa hiyo sasa nafuga kuku hapa Iyunga. Ninyi mkipanda, gongeni bati kwanza kwa ngumi. Bati zima linalia, bati lililooza linakohoa.

Lakini hakuna ngazi wala mbwa wa mteja atakayewasumbua kama kile kitaa chekundu kwenye kontrola.

Betri hizi za maji ya asidi hazipendi kunyonywa mpaka mwisho. Fundi Atupele anasema betri ni ng'ombe wa maziwa: ukimwachia kidogo leo, kesho utamkuta na maziwa, ukimkamua mpaka tone la mwisho kila siku, utabaki na ngozi. Kontrola ndiyo inayokuambia basi, ondoa ndoo. Volti zikishuka mpaka pale ilipopangiwa, inakata. Taa zinazimika, redio inanyamaza, kitaa chekundu kinawaka. Haijaharibika. Imefanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Mteja haoni hivyo. Mteja anaona amenunua betri kwa jasho lake, amenunua paneli, halafu kuna kidude ukutani kinamnyima umeme wake mwenyewe. Karibu kila nilikopita wameipa kontrola jina. Chunya niliikuta inaitwa Mama wa Kambo. Kilolo, kule milimani Iringa, waliiita Mchoyo. Na kila mahali yuko mjanja mmoja anayejua dawa yake, nayo ni kuiruka: unachukua waya, unaunga moja kwa moja kwenye betri, na Mchoyo anabaki ukutani akitoa macho.

Huko Chunya tulikwenda mimi na Fundi Atupele kwa kinyozi mmoja wa wachimbaji dhahabu. Alikuwa na mashine ya kunyolea na spika kubwa ya muziki nje, hiyo ya kuita wateja. Tulipofika tulimkuta mchimbaji kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado, kitaa chekundu kinawaka. Mchimbaji alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi, hataki kutoka nje. Wenzake wanapita mlangoni kwa zamu, kila mmoja na neno lake. "Kaka, huo mtindo unaitwaje?" "Mwacheni, ameweka nusu bondi."

Fundi Atupele hakufungua hata mkoba wa vifaa. Alivuta kigoda, akamuuliza kinyozi, "Betri ikichoka, nini kife kwanza? Spika au mashine?"

Kinyozi akasema, "Fundi, spika ndiyo inayoleta watu."

"Inawaleta waje waone nini? Huyu?"

Mchimbaji akainua kichwa chake cha nusu akasema, "Spika ife. Ife hata leo."

Hilo swali la nini kife kwanza ndilo nililoitiwa niwaandikie. Fundi Atupele analiuliza kabla hajatoboa ukuta wa mtu. Watu wengi wanafunga sola kama vile jua litawaka kila siku mpaka kiama. Yeye anafunga akijua kuna wiki mawingu yatakaa juu ya paa kama kuku anayeatamia, na siku hiyo kuna kitu lazima kizimwe. Kama hukuamua wewe mwenye nyumba, waya zitaamua, na waya hazina akili.

Mimi nililijua swali hilo, lakini sikuwa nikiliuliza. Si kwamba nilisahau. Nilikuwa naona aibu. Utamwambiaje baba mtu mzima, mbele ya wageni wake, kwamba televisheni yake ife kwanza? Nilikuwa nafunga kama mteja anavyotaka, nasema asante, naondoka. Sasa niwaambie ya Kilolo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua na ukungu wa Iringa kwa pamoja, wakati mianzi inatoa ulanzi, pombe yake, kama haina kesho. Mama mmoja, Mama Rehema, mwenye kilabu cha ulanzi, alimpigia simu Fundi Atupele. Alisema kontrola ni mbovu, inamzimia mashine ya mayai. Fundi Atupele akanikabidhi kontrola nyingine, kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mama huyo, akanipandisha basi.

Nilifika Jumapili baada ya misa, nimelowa, kontrola nimeifunga tumboni ndani ya koti kama mtoto. Kilabu kimejaa. Wazee kwa vijana wamevaa makoti mazito, kila mmoja na lita yake ya ulanzi mkononi, macho kwenye televisheni. Siku hiyo ilikuwa mechi ya wale wakubwa wawili wa Dar.

"Kamwene," nikasalimia kwa Kihehe, maana ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

"Kamwene! Fundi ndiye huyu?" Aliyesema alikuwa Festo, dereva wa bodaboda, mtu mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. "Mbona mwembamba? Mbeya wameacha kula ndizi?"

Kilabu kikacheka. Nikatazama viatu vyangu.

Mama Rehema akanivuta mpaka chumba cha nyuma. Hapo ndipo nilipoona kinachomnyima usingizi. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, mashine ya kutotolea vifaranga, na ndani yake mayai yamejipanga. Kila yai limeandikwa jina kwa kalamu ya wino: Mama Bahati, Mama Klara, Mama Zawadi. Akina mama wa kijiji kizima walimpa mayai yao, wakawafukuza kuku kwenye viota, kwa sababu yeye aliwaambia mashine haichoki na haiibiwi na kicheche.

"Yameanza kugonga leo," akaniambia kwa sauti ya chini. Alinishikisha yai moja sikioni. Ndani kulikuwa na kitu kinabisha, taratibu, kama mtu anayegonga mlango akiogopa kuamsha wenye nyumba. Mtu wa aibu kama mimi. "Na hiki kidude kinazima. Nimefunika blanketi, nimeweka chupa za maji ya moto. Yakifia humu, mwanangu, mimi kisimani nitapita njia ipi? Kila mama nitakayekutana naye nimemuulia watoto."

Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Sanduku lilikuwa limeanza kupoa.

Nikachukua testa, nikaenda kwenye betri. Jambo la kwanza nililoona halihitaji testa. Kutoka kwenye kontrola zilitoka waya mbili kwenda kwenye mashine ya mayai, kama inavyotakiwa. Lakini kwenye vichwa vya betri zilibanwa waya nyingine mbili nene, zimeiruka kontrola, zimepita dirishani, zimekwenda kwenye inveta ya televisheni. Festo ndiye aliyeziunga, nikaambiwa. Mchoyo alikuwa anakata mpira dakika za mwisho, wakamruka.

Mmeona kilichotokea? Kontrola ilikuwa nzima kabisa. Televisheni inakunywa kwenye betri bila mlinzi. Volti zinashuka. Kontrola inaona betri inachoka, inafanya kazi yake, inakata kile pekee kilichopita mikononi mwake. Inakata mayai. Televisheni inaendelea kunywa. Ulinzi wote wa nyumba ile ulikuwa umegeuzwa kuwalinda wachezaji wa Dar dhidi ya vifaranga wa Kilolo.

Nikauliza, "Inveta hailii? Huwa inapiga kelele betri ikichoka."

Mama Rehema akasema, "Ilikuwa inalia. Wakaiziba."

Nikaenda kuitazama. Tundu la kengele walikuwa wameliziba kwa ugali. Ugali ulikuwa umekauka, umesilibwa vizuri kwa kidole gumba, kazi safi kabisa.

Nikapima betri televisheni ikiwa inawaka: iko chini sana. Nikarudi kilabuni, nikasimama karibu na mlango. Festo akaniona. "Fundi! Umeshamuua Mchoyo?"

Nikasema, nadhani, "Siyo mbovu." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Jirani wa Festo akasema, "Anasemaje?" Festo akasema, "Anaomba ndizi." Wakacheka. Halafu Festo akasema kwa wema tu, maana si mtu mbaya, "Wewe funga na mayai moja kwa moja kwenye betri, yawake, sisi tuangalie mpira, kila mtu afurahi. Kazi gani hiyo?"

Ningeweza kufanya hivyo. Ni waya mbili tu. Mayai yangepata joto mpaka mechi iishe, pengine mpaka jioni, halafu betri ingelala, na kwa ule ukungu jua la kuiamsha lisingetoka kesho. Vifaranga wangefia mlangoni.

Nikampigia Fundi Atupele. Nikamweleza yote. Akauliza, "Umeuliza swali?"

"Bado. Wako wengi, fundi. Uwaambie wewe, niweke simu kwa sauti."

"Mimi niko Mwanjelwa. Mdomo uko Kilolo." Akakata.

Nilirudi chumba cha nyuma. Mama Rehema alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku anapanga chupa za maji ya moto, na hilo lilinisukuma kuliko kelele za kilabu kizima. Nikafikiri: kuwahutubia wanaume wale siwezi. Kubishana siwezi. Lakini kusoma naweza, polepole. Nikachukua yai moja, nikaenda nikasimama mbele ya televisheni, pembeni kidogo nisizibe goli, nikasoma.

"Mama Bahati."

Festo akageuka. "Mama Bahati ni mke wangu. Unamtakia nini?"

"Yai lake limepoa."

"Limepoa likafanyaje?"

Nikamwekea yai kiganjani. Festo akalishika kama mtu aliyepewa bomu. Akaliweka sikioni. Nikaona uso wake unabadilika.

"Jamani," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "huyu yumo ndani. Ananigongea."

"Pita pembeni, unatuziba!" wa nyuma wakapiga kelele.

Nikaenda nikachukua jingine. "Mama Zawadi." Mzee mmoja akasimama bila kutaka. Nikampa lake. Mama Rehema alipoona, akaja na karai, blanketi juu yake, akawa ananipa moja moja nami nasoma. Sijui kusoma haraka, kwa hiyo kila jina nililivuta, na kila nikilivuta mtu mmoja anaacha kutazama mpira anasubiri kama ni mke wake. Wakayaweka makwapani, ndani ya makoti. Wengine walipata mawili, kila kwapa moja.

"Mama Klara," nikasoma.

Hakuna aliyesimama.

"Mama Klara," nikarudia.

Mtu mmoja pale kona ya mwisho, kofia imeshuka mpaka nyusi, akainua mkono nusu. Alikuwa Katekista wa kigango. "Mimi nilikuja kuchaji simu tu," akasema.

"Chaji, Katekista, chaji," Mama Rehema akamwambia, akamwekea yai mkononi. "Shika na hili. Mama Klara akiuliza, tutasema ulikuwa unafanya kazi za huruma."

Basi kilabu kizima kikawa kimesimama, mikono imefumbatwa kifuani, hakuna anayeweza kushika lita. Mama Rehema akawatazama akasema, "Mbona hamnywi? Au leo mnaatamia?" Ndipo mwamuzi kule Dar akapiga filimbi. Penalti.

Hapo ndipo nilipouliza. Sijui sauti ilitoka wapi, labda ni kwa sababu wote walikuwa wananitazama mimi badala ya televisheni, na mtu akishatazamwa na wote hana tena pa kujificha. Nikasema, "Wazee wangu. Betri hii haitoshi vyote viwili. Kimoja kife sasa hivi. Kife kipi?"

Mpigaji alikuwa ameshaweka mpira kwenye doa. Amerudi nyuma. Anapumua. Mzee wa Mama Zawadi alikuwa anatazama televisheni kwa jicho moja na koti lake kwa jicho jingine.

Festo akanipa yai lake. "Nishikie mwanangu," akasema. Akapita dirishani, mpaka kwenye betri, na mpigaji alipoanza kukimbia, Festo akang'oa waya. Kioo kikawa cheusi. Wanaume wazima wakatoa sauti moja ambayo sijaisikia tena maishani, si kilio wala si kicheko.

Sasa kazi. Hapa msome kwa makini. Kontrola ikishakata, hairudi mara tu volti zikipanda kidogo. Inangoja betri ipate nguvu kweli, na kwa mawingu yale tungengoja mpaka wiki inayofuata. Kwa hiyo nilitoa waya za paneli kwanza, kisha za betri, nikaiacha ipumue, nikarudisha za betri kwanza, kisha za paneli. Msikosee mpangilio huo, kuna kontrola zimeungua kwa kukosea huko. Ikaanza upya, kitaa kikawa kijani, sanduku la mayai likawaka. Watu wengine hufanya hila hii kila siku ili waendelee kunyonya betri, na huko ni kuiua. Mimi niliifanya kwa sababu mnyonyaji mkubwa alikuwa ameshaondoka.

Kisha nikafunga ile kontrola kubwa kwa ajili ya televisheni peke yake, nikaipangia ikate mapema, betri ingali na akiba nzuri. Ile Mchoyo ya zamani, ambayo hukata baadaye sana, nikaiachia mayai. Betri moja, walinzi wawili: wa starehe anasema basi mapema, wa uhai anasema basi mwishoni. Na ugali nikautoa kwa bisibisi.

Muda wote huo wanaume walisimama. Hakuna aliyekaa, wakiogopa kuvunja. Walikuwa wameanza kuongea taratibu, kama watu walio wodini. Nilikuwa nimemrudishia Festo yai lake, na nilipomwambia sasa lirudi kwenye sanduku, akasema, "Ngoja kwanza, fundi. Kuna kitu kinanifinya." Akafungua koti pole pole. Kifaranga alikuwa ametoka, amelowa, mbaya kama kitambaa cha kufutia ubao, analia kwa nguvu zote kwenye kwapa la bodaboda.

Mayai mengine hayakutoka, sitawadanganya. Yaliyokuwa upande wa mlango yalikuwa yamepoa mno, na Mama Rehema aliyazika nyuma ya mianzi bila kumwambia mtu ni ya nani. Lakini mengi yalitoka Jumatatu na Jumanne, na nilimwona akienda kisimani kwa njia yake ileile, ndoo kichwani, anasalimiwa.

Penalti iliingia au haikuingia? Siku ile hakuna aliyejua, maana simu zote zilikuwa kwenye chaji na chaji ilikuwa imezimwa. Waliendelea kubishana juu yake mpaka kifaranga wa Festo wakampa jina hilo hilo, Penalti. Alikua jogoo mkubwa, mgomvi, na Festo alikataa kumchinja Krismasi mbili mfululizo. Bega langu lilipostaafu, Festo alinitumia kwa basi watoto wawili wa Penalti ndani ya boksi lenye matundu. Ndio walioanzisha banda langu hapa Iyunga.

Bado naona aibu. Lakini tangu siku ile, kila nyumba niliyofunga sola, kabla sijatoboa ukuta, nilitazama viatu vyangu kwanza, kisha nikainua macho nikauliza. Wengine walinijibu friji ya soda, wengine pasi, bibi mmoja alisema, "Azimwe mume wangu." Nilicheka mpaka nikachoka, lakini nilifunga walivyojibu, na hakuna hata mmoja aliyeniita tena kuniambia kontrola ni mchoyo.

Basi na mimi nauliza ninyi. Mnapajua kwenu, nani yupo na nini kinatumia umeme. Ukungu ukikaa wiki nzima, nini kife kwanza nyumbani kwenu? Niandikieni jibu mliache dukani kwa Fundi Atupele, ataniletea akija kuchukua mayai. Andikeni herufi kubwa, maana nasoma polepole. Na kama mwandiko wenu ni mbaya, msijali. Mmeuona wangu.